Skoa ya Kununua, Nota Huru, Kitabu cha Piano au Sikio Lako: Njia Nne za Kuusoma Muziki wa Okestra wa Filamu ya Katuni

Mwanafunzi wangu mmoja, msichana apigaye kinanda kanisani kwao Kisauni, alifungua skoa ya okestra kwa mara ya kwanza mezani kwangu, hapa Mji wa Kale, Mombasa. Akageuza kurasa tatu, nne, kisha akaniuliza, "Mwalimu, mbona mistari mingi ni mitupu? Ama hawakumaliza kuandika?"

Nikamwambia walimaliza. Ile mistari mitupu ni watu. Wamekaa na ala zao mapajani, wanahesabu, wanangoja zamu yao.

Swali lile limenikaa hadi leo. Mimi nimelelewa na fidla ya taarabu. Kwetu fidla, udi, ganuni, akodioni, na taishokoto enzi zake, zote huandama mahadhi yale yale, kila moja ikiyapamba kwa namna yake, na utajiri wa muziki umo katika hayo mapambo. Okestra ya filamu utajiri wake uko kwingine: nani anapiga sasa, nani kanyamazishwa, na kwa nini. Sikio peke yake hukawia kuling'amua hilo.

Kwa asiyeijua, skoa kamili ni kitabu cha nota ambamo kila ala ina mstari wake, zote zimepangwa toka juu hadi chini ya ukurasa, ili mtu mmoja aone okestra nzima inafanya nini katika pigo lile lile. Na katuni nazitaja makusudi. Katika filamu ya waigizaji, kamera inapokwenda mahali hukuta upepo, nyayo, mlango unaogonga. Katuni huanza na ukimya mtupu. Kila sauti lazima itengenezwe, na muziki hubebeshwa mzigo mkubwa zaidi. Ndiyo maana muziki wake umejaa mafunzo.

Watu wanaonijia wakitaka kuusoma muziki huu ni wa kila namna: viongozi wa kwaya, wapiga kinanda wa harusi, vijana wanaotengeneza midundo kwa kompyuta vyumbani mwao. Wameipenda filamu, wanataka kuujua muziki wake hadi ndani, na hawajui waanzie wapi. Njia ninazozijua ni nne, na zote nimezipita.

Vipimo vya kulinganishia

Nitazipima zote kwa mambo matano, yale yale kwa kila moja. *Mfuko*: inagharimu nini na inapatikanaje ukiwa Mombasa. *Macho*: inataka uwe unasoma nota kiasi gani. *Funzo*: inakupa nini ambacho nyingine hazikupi. *Pazia*: inakuficha nini, maana kila njia ina kitu inachokificha. *Muda*: itakula siku zako kiasi gani. Kisha nitasema inamfaa nani.

Njia ya kwanza: skoa kamili ya filamu, ya kununua

*Mfuko.* Muziki mwingi wa filamu haujachapishwa kabisa. Nota zake hubaki kwa studio zilizoilipia kazi. Lakini baadhi zimetoka. Omni Music Publishing, kwa mfano, wamechapisha skoa kamili ya John Powell ya How to Train Your Dragon, filamu ya DreamWorks ya mwaka 2010, na hiyo ndiyo ninayoitumia kama mfano hapa. Kitabu cha aina hii ni kikubwa, kizito, na bei yake ni ya dola. Juu ya bei kuna usafiri, na kabla hujalipa taka uambiwe jumla ya gharama hadi kitabu kitue mkononi mwako. Watu watatu wanaweza kuchanga wakapokezana. Kikifika, usikiache dirishani: unyevu na chumvi ya hewa yetu huikunja karatasi kabla ya mwaka kuisha. Mimi vyangu navitia ndani ya mifuko ya nailoni, kabatini, mbali na ukuta.

Onyo moja kabla hatujaendelea. Niliwahi kununua mtandaoni, kwa muuzaji nisiyemjua, faili iliyoitwa skoa kamili. Ukurasa wa pili tu nikaona fidla zimeandikiwa E iliyo chini ya uzi wa G. Uzi wa chini kabisa wa fidla ni G, chini ya hapo hakuna kitu. Mtu alichukua rekodi, akaipitisha kwenye programu, akauza matokeo. Tangu siku hiyo nikiletewa skoa nisiyoijua asili yake natazama mambo matatu: fidla isishuke chini ya G, viola na chelo kila moja isishuke chini ya C yake, na kinubi kisiandikiwe mbio za nusu sauti mfululizo, kwa sababu kinubi cha okestra hubadilisha nota zake kwa kanyagio saba za miguuni na miguu ni miwili.

*Macho.* Ukurasa hutisha mwanzoni. Juu kabisa ni ala za kupuliza za mbao, chini yake za shaba, kisha za kugonga, kinubi na vinanda, kwaya kama ipo, na mwisho ala za nyuzi. Viola ina ufunguo wake, wa C, ambao wengi wetu hatukufundishwa. Kuna nafuu moja: skoa za kurekodia filamu mara nyingi huandikwa kwa sauti ile ile inayosikika, kwa hiyo huhitaji kupiga hesabu ya kila ala. Besi bado husikika oktava moja chini ya ilivyoandikwa, na pikolo oktava moja juu, lakini hayo huzoeleka upesi.

*Funzo.* Hapa ndipo inapozishinda nyingine kwa jambo moja: inakuonyesha muziki ukiifuata picha. Filamu hukimbia kwa fremu 24, yaani picha 24 moja moja, kwa sekunde. Mwendo wa mapigo 120 kwa dakika maana yake kila pigo ni fremu 12, nusu sekunde kamili. Sasa tuseme kitu muhimu kinatokea sekunde ya 7 baada ya muziki kuanza. Sekunde 7 ni mapigo 14. Nota hugawanywa kwa vipimo, yaani mafungu ya mapigo kati ya mistari ya wima. Vipimo vitatu vya mapigo manne ni 12, yamebaki mawili. Mtunzi anatia kipimo kimoja cha mapigo mawili, na kitu kile kinaangukia pigo la kwanza la kipimo kinachofuata, pale penye nguvu. Ukisikiliza tu hutakijua kipimo kile kifupi. Mwili utayumba kidogo na basi. Ukikiona kwenye karatasi, unarudi kwenye filamu na kuuliza: ni nini kilichotokea hapa hata akaikata hesabu? Swali hilo moja ni darasa zima la utunzi.

Sehemu za muziki wenyewe huitwa kwa namba kama 1M1 au 3M2: namba ya kwanza ni ya kipande cha filamu, M ni muziki, namba ya mwisho ni mpangilio wake ndani ya kipande hicho. Ukiona 4M2 kisha 4M4 bila 4M3 kati yake, huenda iliunganishwa na nyingine au iliondolewa. Hata hilo ni habari.

Halafu kuna ule ukimya. Chukua mandhari ambapo kijana Hiccup na joka Toothless wanazoeana kwenye kijibonde chenye maji, karibu bila neno kusemwa. Muziki unaanza kwa vitone vidogo vidogo vya sauti, unarudia, unaongezwa ala moja, kisha nyingine, hadi kwaya inapoingia. Kwenye karatasi unauona ukurasa ukijaa taratibu kama maji yanavyojaa hori ya Tudor. Utaona ni nani hasa alizuiwa, na kwa vipimo vingapi, ili aingiapo moyo ukunjuke.

*Pazia.* Si kila unachosikia kimeandikwa. Sauti za kompyuta, ala za kienyeji zilizorekodiwa kando, uzito alioutia fundi mitambo kwa kupandisha filimbi moja juu ya shaba zote: hayo karatasi haikuambii. Utaona ala mbili zina nguvu sawa kwenye nota na kwenye rekodi moja imezama.

*Muda.* Usiisome yote. Mandhari moja ya dakika tatu, ikisomwa vizuri, ni mwezi wa jioni.

Inamfaa anayetaka kutunga kwa ajili ya picha, na kijana wa kompyuta ambaye ala zake zote ni za kubofya na hajui mpiga tarumbeta huvuta pumzi wapi.

Njia ya pili: nota huru

Hii wengi hawaijui, na inanisikitisha, kwa sababu hailipiwi.

*Mfuko.* Mwaka 1940 Disney walitoa Fantasia, filamu ya katuni iliyochorwa juu ya muziki wa okestra uliokuwapo tayari. Kipande chake kinachojulikana kuliko vyote, Mickey na ufagio unaochota maji, ni muziki wa Mfaransa Paul Dukas, L'apprenti sorcier, yaani mwanagenzi wa mchawi, alioutunga mwaka 1897. Dukas alifariki mwaka 1935. Kwa sheria ya Kenya haki ya mtunzi hudumu maisha yake na miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo nota hizi ni huru kitambo, na skoa nzima iko kwenye maktaba ya mtandaoni ya IMSLP. Tofautisha lakini: nota ndizo huru, filamu na rekodi yake zina wenyewe.

Bando la siku moja linatosha kuipakua. Usiiprinti kwa A4, utaumiza macho. Nenda duka la fotokopi mjini, mwambie akutolee A3 na akutie waya pembeni. Nimewahi kuwaona vijana wakisoma skoa kwenye simu. Inawezekana, lakini ukurasa unausoma kipande kipande, na faida ya skoa ni kuuona wote.

*Macho.* Ni ngumu kidogo kuliko ya kwanza. Ni skoa ya kizamani, majina ya ala na maelekezo ya mwendo ni ya Kifaransa, na ala nyingine zimeandikwa kwa sauti tofauti na inayosikika: klarineti ya B-flati ikisoma C husikika B-flati; honi ya F ikisoma C husikika F iliyo chini yake. Tena wachapaji wa zamani, ili kuokoa karatasi, walizoea kuiondoa kabisa mistari ya ala zilizonyamaza. Basi hapa kimya hukioni kama mstari mtupu. Unakiona kwa jina lisilokuwapo. Kila ukigeuza ukurasa, soma kwanza majina ya pembeni. Mimi huandika kwa penseli chini ya ukurasa ni nani hayupo.

*Funzo.* Okestra ni kubwa na imegawanywa kwa akili nyingi: pikolo, filimbi mbili, obo mbili, klarineti mbili na klarineti besi, basuni tatu na kontrabasuni, honi nne, tarumbeta mbili na koneti mbili, tromboni tatu, timpani na ala nyingine za kugonga ikiwamo glokenspili, kinubi, na nyuzi. Mahadhi makuu anapewa basuni, ile filimbi ndefu nzito ya mbao ambayo wengine huiacha nyuma ya jukwaa. Yanakwenda kwa mapigo ya tatu-tatu, na aliyekulia kwenye chakacha mguu wake utalijua jambo hilo kabla ya kichwa.

Ila mahali ninapopapenda mno ni katikati. Ufagio umekataa kusimama, maji yanafurika, mwanagenzi anashika shoka, anaukata. Muziki uliokuwa ukipanda kwa okestra nzima unakatika. Kimya. Kisha kontrabasuni, nzito kuliko ala zote za mbao, inaanza kujikokota kutoka chini, nota moja moja, na punde mwingine anamjibu. Dukas alilifuata shairi la Goethe la mwaka 1797, na katika shairi ufagio uliokatwa unakuwa fagio mbili. Ndiyo maana mahadhi yanarudi yakiwa mawili, yakifukuzana. Wachoraji wa Disney waliona mawili hayatoshi, wakachora jeshi. Shika skoa, tazama filamu, usikilize ala mbili zikizaa fagio mia. Sijaona mahali pengine ambapo tofauti ya mtunzi na mchoraji inaonekana wazi hivyo.

Na usiache mwisho: mchawi karudi, kila kitu kimetulia, viola moja peke yake inaimba kwa unyonge, halafu okestra nzima inapiga kwa ghafla na imekwisha. Katika filamu nota hizo za mwisho ndizo kofi la ufagio analopigwa Mickey.

*Pazia.* Hapa picha ndiyo iliyofuata muziki. Huwezi kujifunza kwayo namna mtunzi anavyohesabu fremu, wala vile vipimo vifupi vya ghafla. Tena si muziki wa leo: hakuna kompyuta, hakuna kwaya, hakuna ngoma za tabaka kumi. Anayetaka sauti ya sinema za sasa ataiona ya mbali.

*Muda.* Kipande chote ni kama dakika kumi hadi kumi na mbili. Miezi miwili ya kukisoma kidogo kidogo inatosha kukizoea.

Inamfaa asiye na pesa ila ana subira, na yeyote anayetaka kujua okestra yenyewe kabla ya kuangalia sinema inaifanyia nini. Tahadhari ndogo: kontrabasuni hutaisikia kwa spika ya simu. Spika ile haina uwezo wa sauti nzito namna hiyo. Unaweza kudhani skoa imekosea. Tafuta hedifoni nzuri, ya kuazima ikibidi.

Njia ya tatu: kitabu cha piano

*Mfuko.* Rahisi kuliko skoa, na huuzwa pia kwa faili halali za mtandaoni, wimbo mmoja mmoja. Hakikisha tu kimetolewa na mchapishaji mwenye idhini. Matoleo ya mashabiki yana makosa mengi ya kordi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja.

*Macho.* Mistari miwili, mkono wa kulia na wa kushoto. Anayejua solfa ya kwaya peke yake atajifunza kuisoma ndani ya miezi michache.

*Funzo.* Mahadhi na kordi zinakaa uchi mbele yako. Katika skoa kamili kordi moja imetawanyika kwa ala ishirini na huioni mpaka uikusanye, hapa imekusanywa. Wako wanaoidharau njia hii, nami siungani nao. Watunzi wengi wa filamu wenyewe huandika kwanza kwa mistari michache, kisha mpangaji wa ala huitandaza kwa okestra. Kwa hiyo fanya zoezi hili: chukua vipimo vinane vya piano, vipangie ala wewe mwenyewe, kisha tafuta okestra ilivyofanya. Pale mlipotofautiana ndipo penye somo.

*Pazia.* Ukimya wote umefutika. Vidole kumi vinapiga mfululizo, na huwezi kujua kwamba mahali fulani shaba zote zilikuwa zimelala. Rangi za sauti pia hazimo: obo na filimbi ni nota ile ile kwenye piano.

*Muda.* Wiki chache na unaupiga.

Inamfaa mpiga kinanda wa kwaya au wa harusi, mwalimu wa shule mwenye tamasha mbele yake, na mwanzo wa yeyote anayeogopa ukurasa wenye mistari thelathini.

Njia ya nne: kuandika kwa sikio

*Mfuko.* Bure. MuseScore ni programu ya bure ya kuandikia nota, na Audacity, ya bure pia, hupunguza mwendo wa rekodi bila kuifanya sauti yake iwe nzito zaidi. Stima ikipotea, karatasi na penseli zinatosha.

*Macho.* Huhitaji kusoma vizuri unapoanza. Utajifunza kwa kuandika, kama mtoto anavyojifunza herufi kwa kuandika jina lake.

*Funzo.* Ni namna tuliyofunzwa wazee wa taarabu wote: ukae karibu na fundi, usikie, ushike. Kitu ulichokitoa mwenyewe kwa sikio hakikutoki. Nimesahau skoa nilizozisoma miaka mitano iliyopita. Mahadhi niliyoyaandika kwa sikio nikiwa kijana nayapiga hadi leo nikiwa nimefumba macho.

*Pazia.* Nitalisema hili kwa wenzangu wa fidla na udi hasa. Sikio letu ni kali kwa mahadhi na mapambo, lakini halikuzoezwa sauti za katikati, zile za viola na honi ya pili, kwa kuwa muziki wetu hauzitumii hivyo. Tunaandika vizuri juu na chini, na katikati tunakisia. Utasikia sauti moja laini, uandike filimbi, kumbe ni filimbi na klarineti pamoja. Na ukimya ndio mgumu kabisa: ala isiyosikika huwezi kujua kama imenyamaza au imefunikwa.

*Muda.* Mwingi. Dakika moja ya okestra ilinichukua juma zima mara ya kwanza, na bado ilikuwa na makosa.

Inamfaa mpiga ala mwenye sikio na asiye na haraka, na yeyote ambaye filamu anayoipenda haina skoa iliyochapishwa, ambazo ndizo nyingi.

Kwa hali yako

Kama unasoma solfa tu na unataka kuvuka kwenda kwenye mistari, anza na kitabu cha piano kwa miezi mitatu, halafu chukua mstari wa basuni wa Dukas peke yake, uuandikie solfa chini, uuimbe pamoja na rekodi. Ndivyo alivyofanya yule msichana wa Kisauni. Alikuwa anausoma kwenye feri ya Likoni akienda kwa shangazi yake, penseli mkononi. Hakuongeza mstari wa pili mpaka wa kwanza ukamkaa.

Kama wewe ni mtu wa taarabu na sikio lako ndilo mtaji wako, andika kwanza kwa sikio vipimo kumi na sita vya kipande cha Dukas, kisha fungua skoa usahihishe kwa kalamu nyekundu. Hesabu makosa yalipo zaidi. Kama yako katikati ya ukurasa, sasa unajua pa kufanyia kazi mwaka huu.

Kama unatengeneza muziki kwa kompyuta na unataka siku moja kazi yako ipigwe na watu, weka akiba ya skoa ya kununua. Hadi ipatikane, soma Dukas kwa jicho moja tu: kila mpuliza ala anapumzika wapi. Kisha fungua kazi yako, uone kama filimbi yako inapumua.

Kama una kwaya na tamasha la shule ni muhula ujao, kitabu cha piano, na usione haya. Skoa itakungoja.

Kama unataka kutunga kwa ajili ya filamu na umepata mtu anayechora katuni hapa mjini, hata za dakika mbili, hakuna kitakachochukua nafasi ya skoa ya filamu halisi. Chagueni mandhari moja. Itazameni kwanza bila sauti mara tano, mwandike kwa sekunde kila kinachotokea. Ndipo mfungue kitabu mtazame mtunzi alichagua kipi akapiga, na kipi alikiacha kipite.

Na kama mko wawili, njia yoyote mtakayochagua, mmoja ashike skoa na mwingine asimamie rekodi. Mwenye rekodi akisimamisha ghafla, mwenye skoa ataje ala zinazopiga katika pigo lile, kisha ataje zisizopiga. Zisizopiga ndizo zitakazomchelewesha. Zikianza kumtoka mdomoni bila kutazama pembeni ya ukurasa, badilishaneni viti.